Maua ya vuli yaliniotea jikoni bila udongo, nusura niyapikie biriani (uzi mrefu, njooni na chai)

Binti Ngamiani
5 Novemba, saa 3 usiku

Wakuu salaam. Jukwaa hili nimezoea kupita kimyakimya nikisoma ya nyanya na matikiti, leo naleta langu.

Niko Ipswich, mashariki ya Uingereza, mwaka wa tisa huu. Kazi yangu ni ya zamu, nyumba ya kulelea wazee. Nyuma ya ninapopanga kuna kibustani cha hatua kumi kwa sita, na miaka yote kazi yake ilikuwa kuanikia nguo.

Mwaka juzi mwezi wa Agosti jirani yangu, babu mmoja mjane, aliniita uzioni akanipa mfuko wa karatasi. "Panda hizi leo au kesho." Nikachungulia: matunguu saba ya kupandia maua, kila moja kubwa kama kitunguu cha Mang'ola, ganda la kahawia limekauka kama karatasi ya sigara. Nikasema ahsante, nikaweka mfuko pembeni mwa dirisha la jikoni, nikaingia zamu za usiku wiki tatu mfululizo. Nikausahau.

Katikati ya Septemba narudi asubuhi saa mbili, usingizi umenijaa, nawasha jiko la chai. Mfuko umepasuka. Ndani yake yamesimama maua matano, rangi ya zambarau iliyopauka, kila moja kwenye shingo ndefu nyeupe kama mshumaa. Jani hakuna hata moja. Udongo hakuna. Maji sikuwahi kumwaga hata tone. Mimi mtoto wa Tanga, mnajua tena kwetu vitu vinavyojiotea vyenyewe usiku vinaitwaje. Nilisoma nilichojaliwa kusoma kabla sijasogea.

Nikapiga picha, nikatafuta kwenye simu. Likaja jina ambalo Waingereza wanalitumia, tafsiri yake ni kama "zafarani ya malishoni". Hapo hofu yote ikageuka tamaa. Zafarani! Jumapili nina wageni, biriani nimeshaahidi, na kigramu kimoja dukani hapa kinauma. Nikatafuta kibano cha nyusi, nikaanza kuchomoa nyuzi za ndani moja moja na kuzipanga kwenye kisahani.

Babu akabisha hodi, kaleta barua yangu iliyoangukia kwake. Akaona kisahani. Akauliza hizi unapeleka wapi. Nilipomwambia, yule mzee alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa.

Naishia hapa kwanza, zamu inaanza saa nne. Nje fataki zinalia, leo ndiyo usiku wao wa mioto. Itaendelea.

Kobe Mwendo
5 Novemba

Kumbe nawe ni wale wa "itaendelea". Mods mfungieni huyu mpaka amalize.

Halafu kule kwenye jukwaa la picha uliposema "nimepanda balbu" nikadhani ni balbu za taa, kumbe ni matunguu.

Mama Halwa
5 Novemba

Nimeweka kambi. Niko Muscat, na neno zafarani likitajwa mimi silali.

Fursa Kibao
6 Novemba

Subirini kwanza. Zafarani kilo moja ni mamilioni ya shilingi. Huyu dada ana kibustani cha hatua kumi kwa sita na inamwotea JIKONI. Wakuu hamwoni kitu hapa? Mbegu inapatikana wapi, dada, nijibu inbox.

Mwalimu Mstaafu
6 Novemba

Uzi mtamu, ila neno. Vuli kwetu ni mvua fupi, Oktoba mpaka Desemba. Majira ya Ulaya ya majani kupukutika hayana mvua zetu wala hayana kilimo cha vuli. Manahodha wa zamani wangekwambia miezi hiyo ya mwanzo ni demani, kusi inapokata. Tusiite kila kitu vuli kwa sababu kamusi imekosa neno.

Binti Ngamiani
7 Novemba, saa 5 asubuhi

Shikamoo mwalimu. Nimekusikia, lakini miezi ni ileile, na jambo lenyewe ni lilelile: kitu kilicholala ardhini wakati wa ukame kinaamka hewa ikipoa na mvua ikianza. Niruhusu niseme vuli, demani watoto wa siku hizi watadhani ni dawa.

Naendelea. Babu aliniambia maneno manne: mwaga, funga mfuko, nawa mikono, rudi ukae. Nikarudi nikakaa. Akachukua ua moja akaliweka mbele yangu. "Hesabu vijiti vyenye unga wa njano." Nikahesabu sita. "Zafarani ina vitatu. Ukikuta sita, hilo si zafarani, hilo linaua."

Lile la jikoni linaitwa kolchikamu. Jina limetoka Kolkisi ya zamani, upande wa Georgia ya leo, na sumu yake inaitwa kolchisini. Ni ileile ambayo madaktari wanaipima kidogo sana kutibu jongo, wengi mnaita gauti. Lina stameni sita, ndivyo vile vijiti vyenye unga, na kati yake vijiti vitatu vyeupe. Zafarani halisi ina stameni tatu za njano, na katikati kikonyo kimoja kinachogawanyika mara tatu, vyekundu kama damu, virefu mpaka vinaning'inia nje ya ua. Vile vyekundu ndivyo vinavyoliwa, na hakuna kingine. Ukiyaona kwa mbali, mapacha. Yote ya rangi moja, yote yanachanua Septemba na Oktoba, yote yana jina la krokasi, ukoo wa zafarani, midomoni mwa watu. Hata familia si moja.

Ile picha ya simu haikusema uongo, jina la mtaani ndilo baya.

Na mnaouliza lilivyoota bila maji: tunguu la kolchikamu linamaliza kazi zote wakati limelala. Ua linaumbwa ndani kwa ndani majira ya joto, chakula kiko ndani, hivyo ikifika Septemba linatoka tu hata kama umeliweka kwenye droo ya soksi. Majani yanakuja miezi sita baadaye, Machi, mapana kama ya liki kubwa, yananenepesha tunguu, ikifika Juni yamekauka. Ndiyo maana babu alisema leo au kesho. Matunguu ya vuli yanapandwa Julai na Agosti, watu wakiwa likizo wanakula aiskrimu, hakuna anayewaza vuli. Maduka yanayajaza Oktoba pamoja na tulipu, na wengi hununua wakati huo tayari yameshachanulia kwenye boksi.

Nilichofanya na yale saba: nikayapanda siku hiyohiyo na maua yake, chini ya mti wa tufaha wa babu upande wangu, shimo la kiganja kimoja. Yapo mpaka leo, yameshaongezeka. Mazuri kweli, siyachukii. Ila niliapa nitapanda zafarani yenyewe.

Nesi wa Bremen
7 Novemba

Dada, huyo babu mpelekee keki kila mwaka. Niko Ujerumani, wodi ya dharura. Huku tatizo letu na hilo ua si vuli, ni masika yao ya Aprili. Watu wanaingia msituni kuchuma kitunguu saumu mwitu, Bärlauch wanaita, wanasaga na mafuta, wanakula na tambi. Majani ya kolchikamu yanatoka mwezi huohuo, mahali palepale, yanafanana. Wanasema nusa, saumu mwitu inanuka. Kweli inanuka, lakini ukishachuma majani ishirini vidole vyako vyote vinanuka saumu, la ishirini na moja utanusa mkono wako mwenyewe.

Ubaya wake haukupi taarifa mapema. Mtu anakula mchana, kutapika na kuharisha kunaanza saa kadhaa baadaye, anadhani ni chakula kilichochacha. Siku ya pili na ya tatu ndipo viungo vya ndani vinaanza kuzima. Wajerumani wanaliita Herbstzeitlose, lisilo na wakati la vuli. Kuchemsha hakuiondoi sumu. Biriani yako ingekuwa ya mwisho, si mzaha.

Shamba Darasa
7 Novemba

Niongeze kidogo maana watu watadhani hili ni la Wazungu. Kolchisini iko hapa kwetu porini. Lipo ua linalopanda vichakani mvua zikianza, petali nyekundu zenye kingo za njano zimejikunja kwenda juu kama miali ya moto, na ncha ya jani inajizungusha kama mkia wa kinyonga kushika tawi. Kitaalamu Gloriosa superba. Pwani, Morogoro, Kenya, kote lipo, na Zimbabwe wamelifanya ua la taifa. Hilo ndilo ndugu wa damu wa kolchikamu, familia moja, sumu moja. Mzizi wake ni kiazi chembamba kilichopinda, mtoto akikichimba atadhani kiazi kikuu. Mwambieni shambani.

Fursa Kibao
7 Novemba

Kwa hiyo hilo nalo lina soko la dawa?

Shamba Darasa
8 Novemba

India, jimbo la Tamil Nadu, wanalilima na kuuza mbegu kwa viwanda vya dawa. Sikujibu zaidi ya hapo, nakujua.

Mzee wa Pwani
8 Novemba

Binti, umenikumbusha mbali. Marehemu mwalimu wetu wa chuoni alikuwa na kichupa cha zafarani kilichofungwa kitambaa, hakishikwi na mtu. Mgonjwa akiletwa, anatia nyuzi mbili tatu kwenye marashi ya waridi, zinalala mpaka maji yawe ya njano iliyoiva, kisha anachonga kalamu ya mwanzi na kuandika aya kwenye sahani nyeupe ya kauri. Ikikauka, inaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa. Ndilo kombe. Siku hizi naona vijana wanaandikia rangi ya keki. Sisemi kitu.

Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza zafarani inatoka kwenye nini. Nilidhani ni mzizi.

Binti Ngamiani
9 Novemba, saa 8 mchana

Shikamoo babu. Mama yangu naye alidhani ni mzizi! Nilipomtumia picha akasema, "ua? lile jekundu jekundu ni ua?"

Haya, zafarani yenyewe. Nilianza mwaka huu, naandika mavuno yakiwa bado kwenye kichupa mbele yangu.

Nilikotaka kwenda kwanza ni Saffron Walden, mji wa Essex, kama saa moja na ushee kwa gari kutoka kwangu. Jina lake la kale lilikuwa Chipping Walden. Karne ya 16 na 17 mashamba ya pale yalijaa zafarani mpaka mji ukabadilika jina. Kilimo kilikufa mwishoni mwa karne ya 18, jina likabaki. Nilienda nikanywa chai nikarudi, ila nilijifunza moja: upande huu wa mashariki ndio mkavu kuliko sehemu nyingi za Uingereza, na zafarani inataka kiangazi kikavu. Basi Ipswich nami nimo.

Nilinunua matunguu hamsini mwisho wa Julai. Ni madogo, kama karanga ya makadamia iliyovaa nyuzi za katani. Yanauzwa kwa saizi, mzingo wake kwa sentimita, na mnunue ya 9 au 10 kwenda juu. Nilitaka ya bei rahisi, babu akakataa, akasema tunguu dogo litakupa nyasi tu mwaka mzima.

Udongo wangu ni mfinyanzi, ukinyesha unashika kiatu. Nikainua tuta kando ya ukuta unaotazama kusini, nikachanganya changarawe ndoo tatu. Nikapanda katikati ya Agosti, kina cha sentimita kama 12, nafasi ya vidole vinne. Maji sikutia. Usiku wa tatu kindi wakaja. Hawa ni wale wa kijivu, waliletwa kutoka Amerika karne ya 19 na sasa wanatembea kama wenye mji. Asubuhi nakuta mashimo tisa, safi, kama yamepimwa kwa rula. Matunguu tisa yameliwa. Kolchikamu pale chini ya mti, hatua nne tu, hawakuigusa hata moja. Kindi anajua kuhesabu stameni kuliko mimi.

Nikafunika tuta lote kwa wavu wa kuku, nikaubana kwa mawe. Maua yanapita kwenye matundu, kindi hapiti.

Mwezi mzima wa Septemba hakuna kitu. Nilikuwa natoka na tochi baada ya zamu. Babu akasema acha kulikanyaga tuta. Oktoba 6, baada ya usiku wa baridi wa kwanza, nikaona vichwa vyeupe vimetoboa udongo kama meno ya mtoto. Tarehe 11 ua la kwanza. Lilifunguka saa tatu asubuhi, mimi nikiwa na sare ya kazi na mswaki mdomoni. Nikapiga magoti, nikahesabu: moja, mbili, tatu. Nikahesabu tena.

Unachuma asubuhi mapema, maana ua la zafarani likishafunguka halijifungi usiku kama krokasi wengine, mvua ikilikuta linalala kwenye matope. Unakata ua zima kwa kucha, unaingia ndani, unaketi mezani na kuchomoa nyuzi tatu. Zikiwa mbichi hazinuki chochote cha maana, nilivunjika moyo kabisa. Nikaziweka kwenye karatasi juu ya kabati la tangi la maji ya moto. Siku ya pili narudi kazini nafungua mlango wa chumba: Eid. Chumba kizima kinanuka jikoni kwa bibi, Eid. Harufu inazaliwa kwenye kukauka.

Maua 41 kwa wiki tatu. Nikaweka nyuzi zote kwenye mzani wa jikoni. Mzani ukasema sifuri. Nikaondoa, nikarudisha, sifuri. Kwa rafiki mwenye mzani wa kupimia vidani ndipo tukapata gramu 0.27.

Fursa Kibao
9 Novemba

Yaani shamba zima halifiki gramu?

Binti Ngamiani
9 Novemba

Kaka, gramu moja kavu inataka maua kama 150. Kilo ni kama laki moja na nusu, kila moja limeinamiwa kwa mgongo wa mtu, kwa wiki mbili tatu za mwaka. Iran, wanaotoa nyingi kuliko wote duniani, wanavuna alfajiri familia nzima. Bei ile ni ya mgongo, si ya ua.

Kobe Mwendo
9 Novemba

Fursa, umesahau kware? Bado una mabanda.

Fursa Kibao
9 Novemba

Mabanda niliyageuza ya sungura.

Mama Halwa
10 Novemba

Huku halwa bila zafarani ni uji wa wanga tu, samahani kwa wenye kukwazika. Nawapa kipimo cha bibi zetu kwa wanaonunua masokoni. Chukua nyuzi mbili, tia kwenye maji baridi, nenda kaswali, urudi. Ya kweli inatoa njano polepole na uzi unabaki mwekundu. Ya uongo inamwaga rangi hapohapo na uzi unabaki mweupe kama umekufa. Tena tazama umbo: upande mmoja umepanuka kama tarumbeta ndogo. Nyingi tunazouziwa kwa bei ya huruma ni petali za ua jingine.

Dada, Muscat itakubali?

Binti Ngamiani
10 Novemba

Mama, Muscat joto la kulala lipo kuzidi, baridi ya kuamkia ndiyo sina hakika itatosha. Tunguu linaumba ua likiwa kwenye joto la nyuzi 23 hadi 27, kisha linangoja hewa ishuke kwenye 17 hivi ndipo litoe. Ningekuwa Oman ningejaribu Jabal Akhdar, wanakotoa marashi ya waridi, kule baridi ipo.

Kijana wa Njombe
10 Novemba

Dada habari. Mimi niko Njombe, sakitu tunaijua, viazi vyetu vinaungua nayo Julai. Hapa itakubali? Na kama baridi ndiyo shida, sisi tunayo ya kugawa.

Binti Ngamiani
11 Novemba, saa 1 usiku

Swali hili limeninyima usingizi wa mchana, nimekaa na babu na ramani.

Baridi unayo. Tatizo lako ni mvua kuja wakati mbaya. Zafarani inalala kiangazi, na kulala kwake kunataka mambo mawili kwa pamoja: joto na ukavu. Kwenu joto linakuja Novemba mpaka Machi pamoja na mvua zote. Tunguu lililolala kwenye udongo wa mvua ya Njombe litaoza kabla ya Krismasi. Miezi yenu mikavu ni ya baridi, hivyo likilala Juni litakaa kavu salama lakini ua halitaumbika ndani. Ardhini unapoteza kote kote.

Njia ninayoiona ni kwenye vyungu. Majani yakikauka unatoa matunguu, unayaweka kwenye kikapu juu ya dari, chini ya bati, wakati wa mvua. Pale ni pakavu na pana joto. Machi mwishoni unapanda, Aprili na Mei hewa ikipoa yatoke. Hiyo ndiyo vuli ya nusu yenu ya dunia. Rasi ya Afrika Kusini kuna ua la pinki la tunguu, belladonna, kwao wanaliita la Machi, na likiletwa huku Uingereza linachanua Septemba. Ua lilelile, limegeuza kalenda.

Ila jihadhari na furaha ya mwaka wa kwanza. Ukipata matunguu ya kaskazini Agosti yatachanua kwako Novemba bila kukuuliza, kwa sababu ua lilishaumbwa kule lilikotoka. Kipimo ni mwaka wa pili.

Shamba Darasa
11 Novemba

Na wala asiyabebe mtu kwenye begi la safari. Tunguu ni mmea hai, linatembea na kuvu na minyoo ya udongo. Kibali cha kuingiza kinatolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na muuzaji atoe cheti cha afya ya mimea. Ukikamatwa uwanjani usiseme uliona jukwaani.

Mwalimu Mstaafu
12 Novemba

Naona neno "tunguu" limerudi kazini, nimefurahi. Vijana wengi wanajua Tunguu ya Unguja tu.

Mama Tunu
2 Desemba

Jamani nimechelewa. Sisi wa huku Leicester tusio na haja ya zafarani, tunataka maua tu ya kututoa huzuni saa zikirudishwa nyuma, tupande nini?

Binti Ngamiani
3 Desemba

Dada, kwa haraka. Penye jua kali chini ya ukuta weka nerine, asili yake Afrika Kusini, pinki inayong'aa mpaka Novemba. Shingo ya tunguu iache nje ya udongo, na ukishapanda usilichimbue, linapenda kubanana kama abiria wa daladala. Penye kivuli chini ya mti weka siklameni ya vuli, ile yenye majani kama ya mwefeu. Hiyo mizizi yake mingi inatokea juu ya tunguu, wengi wanaipanda kichwa chini. Mimi nilifanya hivyo, ikatoa ua moja limepinda. Usikate majani ya chochote mpaka yakauke yenyewe, hata kama mwenye nyumba analalamika. Wangu alinipigia simu mara mbili.

Binti Ngamiani
14 Juni

Mrejesho. Majani ya zafarani yalikaa kijani baridi yote, kama vitunguu majani vilivyokonda, yakakauka katikati ya Mei. Nimechimbua leo. Nilibaki na 41 baada ya kindi, nimetoa 117. Tunguu mama linakufa kila mwaka, limebaki kama kitufe kilichopondwa, na watoto wameota juu yake. Ndiyo maana kila mwaka yanapanda karibu na uso wa udongo, yakiachwa miaka mitatu minne yanaanikwa. Nimechagua yaliyozidi gololi, yapo 60. Madogo nimeyapa tuta lao la kunenepea.

Mzee wa Pwani
15 Juni

Mungu akubariki mikono.

Binti Ngamiani
30 Oktoba

Mwaka huu maua 96, gramu 0.6 na kitu. Nusu nimempa babu, yeye anatia kwenye mkate. Nusu nimempa mtu anayekwenda Tanga, kwenye kichupa cha matone ya macho kilichooshwa. Jana mama katuma sauti ya WhatsApp, dakika nne. Tatu za kwanza ni kulia. Ya nne anasema imetosha sahani mbili za kombe la shangazi na kidogo kwenye chai, na mwakani nitume kichupa kikubwa.

Kijana wa Njombe
17 Novemba

Dada na wakuu wote. Nilipata kibali Julai, matunguu ishirini yalifika mwisho wa Agosti na cheti chake. Niliyaweka kwenye ndoo kuukuu za rangi, nikazitoboa chini, zikakaa barazani chini ya paa ili mvua isizifikie. Kumi na moja yaliota majani tu. Saba sijui yako wapi, nashuku kuku.

Leo saa mbili asubuhi mke wangu ameniita niache chai. Mawili yamefunguka. Watoto wote, mama mkwe na jirani wamezunguka ndoo. Mama mkwe ameuliza linaliwa? Nikamwambia subiri kwanza.

Nimehesabu. Tatu. Mke wangu naye amehesabu la pili, tatu.

Ya mwaka wa pili sijasahau. Kikapu nimeshakifunga juu ya dari.